Breakfast at Tiffany's (1961): fuata hela, utaona mapenzi yalikotoka

Mshamba wa Mjini

Wakuu, leo tuwaache kidogo mashujaa wa kupaa na ngumi zao. Naleta muvi ya zamani ambayo picha yake mmeshaiona hata kama muvi yenyewe hamjaitazama: dada mwembamba, gauni jeusi, lulu shingoni, kishikizo kirefu cha sigara mkononi. Saluni ngapi zimebandika hilo bango na mwenye saluni hamjui hata jina!

Huyo ni Audrey Hepburn kama Holly Golightly. Muvi ilitoka Oktoba 1961, mwongozaji Blake Edwards, skripti ya George Axelrod, na chanzo chake ni riwaya fupi ya Truman Capote ya 1958. Dunia nzima inaiweka kwenye kabati la mapenzi na vichekesho. Mimi nasema ukitaka kuielewa, usihesabu mabusu. Hesabu hela. Spoila zipo za kutosha, anayeogopa ashukie hapa.

Tuanze. Alfajiri, Fifth Avenue, New York, barabara haina mtu. Teksi ya njano inasimama mbele ya duka la sonara la Tiffany. Dada anashuka na gauni la usiku wa jana, anatoa kitafunwa kwenye mfuko wa karatasi, na kahawa yake, anakula taratibu huku akitazama vito vya dirishani. Wengi wanakumbuka hapo tu, na kweli pametulia. Lakini ngojeni afike kwake. Nje kuna mwanaume anamvizia, anaitwa Sid Arbuck, kavimba kwa hasira. Jana usiku kamlipia bili yeye na marafiki zake watano, kisha bibie alipoomba chenji ya msalani akampa noti ya dola 50. Bibie akapitiliza moja kwa moja, hakurudi mezani.

Wakuu, hii si ndiyo nauli tunayoijua? Nauli imetumwa, nauli imeliwa, mtu hakutokea. Na mazungumzo ya kwanza ya maana kwenye muvi nzima ni mwanaume anadai nauli yake!

Holly kazi yake ndiyo hiyo. Anadanga kistaarabu. Kila Alhamisi anapanda treni kwenda gereza la Sing Sing kumsalimia mzee mmoja wa mafia, Sally Tomato, na akirudi anamtajia wakili wa mzee "ripoti ya hali ya hewa" aliyopewa. Kwa hiyo tu analipwa dola 100. Yeye haoni shida yoyote kwamba mtu analipwa dola 100 kutaja theluji ya New Orleans.

Sasa anahamia jirani mpya ghorofa ya juu, Paul Varjak (George Peppard). Kijana mtanashati, mwandishi, kabati limejaa suti. Usiku wa kwanza Holly anamkimbia mwanaume mlevi chumbani kwake, anapanda ngazi za chuma za nje, anachungulia dirisha la Paul, anamwona mama wa kitajiri anaondoka. Paul kalala. Mezani zimeachwa dola 300. Holly anaingia kupitia dirishani, anaziona, na kwa upole kabisa, bila kebehi, anauliza: hizi ni za wiki, za saa, au mnahesabuje?

Marioo, wakuu. Stelingi wetu ni marioo. Nyumba, suti, vyote vya yule jimama, mke wa mtu, ambaye muvi nzima tunamjua kwa jina la utani 2E.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo: kwenye kitabu hakuna 2E. Hakuna dola 300. Kwenye kitabu msimulizi hana hata jina, ni jirani maskini anayeandika hadithi, anamtazama Holly kwa mapenzi yasiyo na mwili. Hawabusiani, hawaoani. Axelrod alipewa kitabu kisicho na wapenzi akaambiwa atoe muvi ya wapenzi. Angefanyaje? Angemleta kijana msafi aje kumwokoa msichana aliyepotea, tungepata mahubiri. Akaona bora ampe mwanaume kazi ileile ya mwanamke. Wote wawili wana bei. Hakuna wa kumcheka mwenzake.

Kuna kitu kidogo mtu anaweza kukipita. Holly anaikagua taipureta ya Paul, anagundua haina utepe. Mwandishi ambaye mashine yake haina utepe! Kitabu chake kimoja kilitoka zamani, kinaitwa Nine Lives, tangu hapo kimya. Baadaye Holly anamletea zawadi: utepe wa taipureta. Ukipitia muvi yote, hiyo ndiyo zawadi ya kwanza ambayo aliyetoa hategemei kurudishiwa chochote.

Nitaendelea, ngoja kwanza mseme.

Sina Bando

Mkuu umetisha. Nilidhani ni muvi ya dada anakula chai kwenye hoteli inaitwa Tiffany 😂

Binti Sauda

Hata mimi. Halafu Tiffany wenyewe wamekuja kufungua mgahawa kweli ndani ya duka lao la New York mwaka 2017. Miaka 56 watu wanaulizia chai kwenye duka la vito, mwishowe wakaamua kuwauzia.

Mleta mada, endelea na ile siku yao ya matembezi, mimi ndiyo kipande changu.

Njiwa wa Likoni

Kabla hujaendelea kaka, hebu tulizungumze la Mr. Yunioshi, maana kila mtu akisifia hii filamu analiruka hili. Jirani Mjapani wa ghorofa ya juu kabisa, amechezwa na Mickey Rooney, mzungu, kavalishwa meno bandia ya mbele, anajigonga taa kichwani, anapiga kelele kwa lafudhi ya kejeli. Mimi nilishindwa kucheka. Wajapani wengi wa Marekani waliokuwa hai mwaka ule walikumbuka kambi walizofungiwa wakati wa vita, halafu wanaletewa hii kama kichekesho.

Mshamba wa Mjini

Njiwa, hapo sina utetezi na sitautafuta. Blake Edwards mwenyewe alikuja kusema anajuta na angetamani amchague mwigizaji mwingine. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kitabu hakikuwa na ujinga huo. Kwa Capote, Yunioshi ni mpigapicha kutoka California, mtu na akili zake, na ndiye anayeleta ile picha inayofungua hadithi yote. Studio ikachukua mtu mzima ikamgeuza katuni. Na hata kama huangalii rangi, kichekesho chenyewe bado hakichekeshi. Muvi inatembea kwa miguu laini, ghafla anaingia mtu wa sarakasi anavunja vyombo.

Linganisha na ile sherehe chumbani kwa Holly. Edwards aliijaza vituko vidogo vidogo ambavyo kwenye skripti havikuwa na nafasi kubwa. Dada anapitisha kishikizo cha sigara, kofia ya mwanamke mwingine inawaka moto bila mwenyewe kujua, kisha mtu anageuza mkono kuangalia saa, kinywaji kinamwagika, moto unazima. Hakuna aliyeona isipokuwa sisi. Mwanamke anajitazama kwenye kioo anacheka kwa nguvu, ukirudi kwake baada ya muda analia mbele ya kioo kilekile. Mag Wildwood, mrefu kama mnazi, kalewa, anaanza kuyumba, na Holly anatoa tahadhari ya mkata miti, wageni wanampisha, anaanguka kifudifudi. Hivyo ndivyo vichekesho. Rooney na meno yake hakuhitajika.

Haya, Binti Sauda, matembezi yako.

Paul kapata habari njema: hadithi yake imenunuliwa. Dola 50. Wanaamua kutumia siku nzima kufanya vitu ambavyo kila mmoja hajawahi kufanya. Wanaingia Tiffany. Bajeti yao ni dola 10. Muuzaji, mzee mwenye adabu za kiofisi (John McGiver, mtazameni uso wake tu), anatafuta kwa uaminifu kabisa kitu cha fedha halisi kisichozidi hapo, na anachokipata ni kijiti cha kuzungushia namba za simu, dola 6 na senti 75, kodi ndani yake. Wanakikataa kwa upole. Ndipo Paul anachomoa pete aliyoachiwa na mtu mwingine, pete ya bure, ile zawadi ya watoto inayokuja ndani ya boksi la bisi za karameli, anauliza kama wanaweza kuichonga herufi. Mzee anaishika, anaigeuza, anauliza kama bado wanaweka zawadi humo. Anasema inampa hisia ya mshikamano na zamani. Anakubali.

Tazameni sasa mpango wa Axelrod. Muvi nzima imebandika bei kwa kila kitu: 50 ya msalani, 100 ya gerezani, 300 ya mezani, 6.75 ya kijiti. Kitu pekee kisichonunuliwa na mtu ndicho kinachokwenda kuwa pete ya ndoa. Jamaa alikuwa fundi.

Na Paul naye asionekane malaika. Holly anapomwambia kwenye maktaba kwamba anakwenda kuolewa na tajiri wa Brazil, José, Paul anampa dola 50 akimwambia ni za msalani. Marioo aliyeacha kazi jana anamtukana mdangaji. Nyani haoni kundule.

Dokta Feni

Mkuu umeipita pete juu juu. Sema ilitoka kwa nani, maana hapo ndipo muvi ilinishika.

Mshamba wa Mjini

Nilikuwa naiwekea nafasi yake. Ilitoka kwa Doc.

Kuna mzee anasimama nje ya nyumba, kofia kichwani, koti la mvua, anatazama juu dirishani. Paul anadhani ni mpelelezi wa mume wa 2E. Anamfuata hadi bustanini Central Park, wanakaa kwenye benchi, mzee anatoa boksi la bisi na anamwambia: yule ni mke wangu. Doc Golightly (Buddy Ebsen), daktari wa mifugo wa mashambani, Tulip, Texas. Holly jina lake halisi ni Lulamae. Alimkuta na kaka yake Fred wakiiba maziwa na mayai, wamekonda, mayatima. Akawachukua. Akamwoa Lulamae akiwa anakaribia miaka 14. Mzee mwenyewe ana watoto waliomzidi huyo mke.

Tunayemwona sasa si shujaa wala jini. Ni mzee mpole, karibu alie, anampenda kweli. Na ndiyo inavyotisha. Kwenye kituo cha basi Holly anamuaga, anamweleza kwamba kiumbe wa porini hafugwi, ukimpa moyo wako atapata nguvu, ataruka juu ya mti, kisha angani. Basi linaondoka na mzee wa watu peke yake. Hapo hakuna kichekesho hata kimoja, na Edwards hajaweka.

Baada ya hapo ndipo unaelewa kwa nini anakula nauli za wanaume. Huyu alishawahi kupewa kila kitu bure, chakula, nyumba, magazeti ya kusoma, na gharama yake ikawa yeye mwenyewe.

Binti Sauda

Hapo kwenye miaka 14 nilisimamisha muvi. Watu wanatazama kama mambo ya Texas ya kale, wakati Sheria yetu ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu msichana wa 15 kwa ridhaa ya wazazi na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na katiba mwaka 2016, serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikakazia 2019. Kwa hiyo Doc angekaa kijijini kwetu na hakuna ambaye angemshangaa sana. Wangesema kamsitiri binti wa watu.

Dokta Feni

Kamsitiri. Neno zito hilo dada.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimewasoma kwa furaha. Mleta mada amesema kweli kuhusu Axelrod, ila mimi ni mtu wa kitabu na nina la kuongeza, na litawahusu nyote mlio bara hili.

Riwaya ile ilitoka kwanza kwenye jarida la Esquire, Novemba 1958, baada ya Harper's Bazaar kuikataa dakika za mwisho, kisha Random House wakaitoa kama kitabu pamoja na hadithi nyingine tatu. Mambo yake yanatokea wakati wa vita vya pili vya dunia, Fred yuko jeshini na anafia huko. Kwenye filamu anakufa kwa ajali ya gari la jeshi Kansas, jambo ambalo limepunguza uzito.

Sasa jinsi kitabu kinavyoanza. Miaka imepita, Holly ametoweka zamani. Msimulizi anaitwa na Joe Bell, mwenye baa ya jirani, aje aone kitu. Ni picha alizopiga Yunioshi akiwa Afrika, siku ya Krismasi 1956. Kwenye picha yuko mwanaume Mwafrika mrefu, anatabasamu kwa aibu na majivuno kidogo, ameshika kinyago cha kichwa cha mwanamke. Sura ni ya Holly. Kijiji kinaitwa Tococul, na Capote amekiweka mahali anapoita East Anglia, jina ambalo kwenye ramani liko Uingereza, wala hakuna mahali pa hivyo Afrika. Yunioshi anasimuliwa kwamba walikuja wazungu watatu kwa farasi, wanaume wawili wakiwa hoi kwa homa, na mwanamke akajipendekeza kwa mchonga vinyago, wakalala mkeka mmoja. Kisha akapanda farasi akaenda zake. Alitaka kununua kinyago? Hapana, ni Yunioshi aliyetaka kukinunua. Mchongaji akakataa, hata alipoahidiwa chumvi na saa na vitu vingine.

Mleta mada, wewe unayehesabu hela, hapo utasema nini? Mtu pekee kwenye kisa chote aliyekataa bei ni mchonga vinyago wa Afrika, na filamu imemfuta kabisa.

Mshamba wa Mjini

Shikamoo Mwalimu. Nitasema umenizidi kete. Na inaongeza nguvu kwenye hoja: Capote alifunga bei nje ya New York, Axelrod akaileta ndani kwenye pete. Lakini kinyago kisichouzwa hakiwezi kuwa mwisho wa muvi ya mapenzi, maana mwenye sura hayupo.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Ndiyo maana Capote aliichukia. Alimtaka Marilyn Monroe, studio ikamchukua Hepburn, na aliendelea kusema kwamba Paramount walimgeuka. Mimi namwelewa. Holly wa kitabu ana mimba, farasi anatimka na msimulizi naye Holly anamfukuzia kwa farasi wake, anakamatwa, mimba inatoka, yuko kwa dhamana, na anatoroka nchi. Hakuna wa kumbusu mvuani. Paka anatupwa Harlem ya Wahispania na msimulizi anakuja kumpata baadaye amekaa dirishani kwenye nyumba ya watu, ameshiba.

Njiwa wa Likoni

Mwalimu, Monroe angeigeuza kuwa filamu nyingine kabisa, na kanuni za maadili za Hollywood zilikuwa bado kazini, wasingeruhusu kazi ya Holly itajwe waziwazi. Hepburn alisaidia hapo. Uso wake ulimwezesha kusema chochote na wakaguzi wa maadili wakaelewa nusu. Na tusisahau Moon River. Henry Mancini aliutunga kwa kupima sauti yake, akijua haendi mbali juu wala chini, Johnny Mercer akaweka maneno. Amekaa dirishani na gitaa, taulo kichwani, suruali ya jinzi, hana gauni wala lulu. Wimbo ukachukua Oscar, na muziki wa filamu ukachukua nyingine. Hepburn aliteuliwa, akapigwa na Sophia Loren.

Sina Bando

Na lile gauni?

Binti Sauda

La mbunifu wa mavazi Givenchy. Mojawapo liliuzwa kwa mnada Christie's London Desemba 2006, pauni 467,200. Hela zikaenda kwa shirika la kusaidia maskini India. Hesabu hiyo pia mleta mada aiweke kwenye daftari lake.

Mpiga Chabo

Nimesoma yote kimya. Mimi napinga. Mnaichambua kama mahesabu ya saccos wakati mwisho wake ni mtamu kuliko mwisho wowote. Mvua, teksi, Paul anamwambia ukweli, anamtupia pete, anashuka. Holly anaivaa, anatoka mbio kumtafuta paka kwenye kichochoro. Yule paka Orangey ana tuzo mbili za wanyama za PATSY, moja kwa hii muvi, mnalijua hilo? Mimi mwanaume mzima machozi yalinitoka.

Mshamba wa Mjini

Mpiga Chabo, mtamu ni mtamu, nami huwa siuzimi. Ila sikiliza anachosema Paul mle kwenye teksi. Anamwambia watu ni wa wenzao, ni mali ya wenzao, na kwamba anayekimbia amejifungia kwenye kizimba alichokijenga mwenyewe. Kituo cha basi muvi ilikubaliana na Holly kwamba si mali ya mtu. Tulimwonea Doc huruma lakini hatukutaka binti apande lile basi. Saa moja baadaye muvi ileile inataka tushangilie mwanaume mwingine akisema maneno yanayofanana na ya Doc, tofauti ni kwamba huyu ni kijana na ana sura nzuri. Kinachoiokoa ni kwamba hakumnunua, alimtupia pete ya bure akaondoka, na binti alitoka kwenye gari kwa miguu yake. Doc hakuwahi kumpa mlango wa kutokea.

Dokta Feni

Swali la kizushi. Paul kaachana na jimama, suti zitachakaa. Hadithi moja dola 50. Holly kapoteza ya Sing Sing kwa sababu mzee wa mafia kamletea polisi. José kamwandikia barua ya kujitoa. Kodi ya New York wanalipa na nini?

Mpiga Chabo

Mapenzi 😂

Mshamba wa Mjini

Dokta, kumbuka tiketi ya Brazil ilishalipwa, na dakika chache kabla ya lile busu, kwenye teksi hiyohiyo, barua ya José ikiwa bado mkononi, Holly alikuwa anamwagiza Paul amtafutie orodha ya wanaume 50 matajiri zaidi Brazil.

Binti Sauda

Hamsini tena! Bei ya msalani.